Seti za fedha za US Mint: mwenye kasi achukue, ipigwe kura, au zifuliwe kadiri ya oda?

Mleta mada (Ohio)

Wakuu habari za muda huu. Naileta hii hapa sababu kila mwaka inazua ugomvi kwa watu wa sarafu, na sisi tunaokusanya na kuongea Kiswahili tupo wengi tu, Marekani, Uingereza mpaka Dar, ila hatujawahi kukaa tukaichambua. Swali lenyewe: US Mint, kile kiwanda cha serikali ya Marekani kinachofua sarafu, kikitoa seti ya sarafu za madini ya fedha (silver) yenye idadi maalum, iuzwe vipi?

Kwa ambao hamfuatilii, mambo huwa hivi. Inatangazwa tarehe, na saa karibu siku zote ni sita kamili mchana kwa saa za Washington. Ikifika hiyo saa maelfu kwa maelfu ya watu wanaingia kwenye tovuti moja kwa mpigo, unawekwa kwenye foleni, ukibahatika unafika kwenye malipo, usipobahatika unaambiwa imeisha. Halafu dakika hiyo hiyo unaikuta eBay kwa bei mara mbili, tena wengine walishaitangaza wiki nzima kabla, yaani mtu anauza kitu ambacho bado hakijaanza kuuzwa.

Chukua mfano wa Silver Eagle, ile sarafu ya fedha yenye tai inayotoka kila mwaka, ya 2019 yenye alama ya S (ya kiwanda cha San Francisco), ile ambayo picha inang'aa kama kioo na uwanja, yaani sehemu tupu nyuma ya picha, umefifishwa. Zilifuliwa 30,000 tu, bei dola 65.95, kaya moja sarafu moja, ikatoka Novemba 14 na ikaisha ndani ya nusu saa. Baadaye watu wakawa wanaiuza zaidi ya dola 1,000. Mwaka 2020 ikaja ile ya miaka 75 tangu vita vya pili viishe, yenye kialama cha V75, dola 83, zipo 75,000, nayo ikaenda vilevile. Halafu Septemba 2021 seti ya sarafu mbili kwa dola 175, moja ina tai wa zamani wa John Mercanti aliyekuwepo tangu 1986, nyingine ina tai mpya wa Emily Damstra. Hii ndiyo seti ambayo kila mtu wa Silver Eagle anaihitaji kabisa, maana ndio mwisho wa picha moja na mwanzo wa nyingine kwenye boksi moja. Seti 125,000 kwa nchi yenye kaya zaidi ya milioni 100.

Msimamo wangu nausema wazi. Hiki ni kiwanda cha umma, sio duka la mtu. Sarafu yenye jina la nchi isigawiwe kwa kuangalia nani ana intaneti ya kasi, nani ana programu ya roboti inayobonyeza kabla kidole cha binadamu hakijashuka, na nani kazi yake inamruhusu kukaa kwenye kompyuta saa sita mchana siku ya kazi. Nesi hawezi, dereva wa lori hawezi, fundi aliye juu ya paa hawezi. Kuna wazee wamekusanya tangu watoto, hawajaruka mwaka hata mmoja, leo wanakosa kwa sababu kidole kimechelewa sekunde tano.

Na kuna hili ambalo wengi hawalijui. Wauzaji wakubwa wana mpango wao wa kununua kwa jumla, wanaweza kutengewa hadi asilimia 10 ya idadi yote kabla mlango haujafunguliwa kwa wananchi. Kwenye sarafu 30,000 hiyo ni 3,000! Wanazipeleka kugrediwa, yaani kupimwa ubora, zinarudi kwenye plastiki na lebo ya 70, ambayo ndiyo alama ya juu kabisa, bei inapaa. Mimi nasema huo mlango wa nyuma ufungwe, na mbio ziishe. Naomba kuwasilisha.

Mchangiaji (Houston)

Mkuu nimekusoma mpaka mwisho na nakuheshimu, ila mimi nina duka dogo la sarafu huku na naona umeangalia upande mmoja.

Thamani unayoililia inatokana na uchache. Zile 30,000 zingekuwa milioni moja wala usingekuwa unaandika hapa. Tazama Silver Eagle ya mwaka 1995 yenye alama ya W (ya kiwanda cha West Point). Zipo 30,125 tu, na hukuweza kuipata peke yake, ilibidi ununue seti nzima yenye sarafu nne za dhahabu kwa dola 999. Watu walilalamika sana kipindi kile, wakasema ni dhuluma kwa mtu wa kipato cha kawaida, na leo hiyo hiyo ndiyo wanaiita mfalme wa mfululizo wote. Ukiondoa uchache unaua hobi, sababu watu wengi wanaingia kwa sababu kuna kitu cha kukitafuta.

Halafu kuhusu sisi wauzaji. Nani anakuuzia sarafu ya 1921 ukiitaka? Nani anainunua kwa mjane ambaye mume wake kaacha makopo mawili ya sarafu na yeye hajui lolote? Ni sisi, sio US Mint. Tukitengewa kidogo sio wizi. Mteja wa duka asiyejua kompyuta, mzee wa miaka 80, anaipata kwangu.

Na hiyo kura uliyoiweka kwenye kichwa cha mada, yaani majina yachaguliwe kwa bahati, mtu mwenye binamu 20 na anwani 20 ataingiza majina 20. Roboti anayeweza kubonyeza anaweza kujaza fomu pia.

Mchangiaji (Minneapolis)

Hapo kwa mzee wa miaka 80 nakukubalia kiasi, lakini bro hebu sema ukweli, huyo mzee anainunua kwako kwa bei gani? Si ya Mint, sivyo?

Mimi ni Mkenya, nafanya kazi ya usiku hospitali, hiyo saa yenu ya mauzo huku kwetu ni saa tano asubuhi na mimi ndio niko katikati ya usingizi. Kwa hivyo hii maneno inanihusu. Kitu kiliniudhi kabisa ni ile ya 2021 ya Morgan na Peace, dola za fedha za zamani. Hizo dola zilirudishwa kwa sheria, ilitiwa sahihi Januari 2021, kusherehekea miaka 100 tangu 1921 wakati Morgan iliisha na Peace ikaanza. Dola 85 kila moja. Walianza Mei 24 na zile mbili zenye vialama CC na O, kukumbuka Carson City na New Orleans, mahali zilifuliwa zamani na viwanda vikafungwa. Hata mimi nilipenda hiyo wazo, ni historia nzuri. Lakini tovuti ikalemewa, watu wakapigwa na butwaa, na US Mint wenyewe wakatoa taarifa wakiahirisha mauzo ya Juni ili watafute njia ya kudhibiti msongamano. Hawakufungua tena mpaka Agosti.

Sasa swali langu kwa mwenye duka: kama kiwanda chenyewe kimekubali kwamba njia hiyo haikufanya kazi, mbona tunaitetea? Wakati huo huo kulikuwa na wafanyabiashara wanatangaza, ukipata leta boksi likiwa bado limefungwa tukulipe juu ya bei yako. Yaani mtu hajui Morgan aliyechora hiyo dola ni nani, hajali, anajiunga tu foleni kwa sababu kuna pesa ya haraka mwisho wake. Huyo ndiye anachukua nafasi ya yule ako na albamu ya baba yake yenye nafasi moja tupu.

Mleta mada

Dada umenena. Na huo mtindo wa kulipa watu wapange foleni haukuanzia mtandaoni. Agosti 2014 US Mint walitoa nusu dola ya Kennedy ya dhahabu, dola 1,240, wakaiuza ana kwa ana kwenye maonyesho ya sarafu pale Rosemont karibu na Chicago, na pia Denver, Philadelphia na Washington. Wafanyabiashara walilipa watu wakalale nje usiku kucha wawapangie foleni. Mambo yakaharibika mpaka US Mint wakasimamisha mauzo ya ana kwa ana sehemu zote kwa ajili ya usalama wa watu. Na sikilizeni kinachouma: sarafu hiyo HAIKUWA na idadi ya mwisho! Kila aliyeitaka angeagiza mtandaoni akapata. Watu walisukumana kwa ajili ya lebo tu inayosema ilinunuliwa siku ya kwanza.

Tofauti ni kwamba kwa vile haikuwa na idadi, kelele zilipopoa kila mtu akaipata kwa bei ya kiwandani. Mkuu wa Houston, hapo hobi ilikufa? Mbona Silver Eagle ya kila mwaka inayong'arishwa inafuliwa kwa mamia ya maelfu, hakuna mtu anayesukumana, na ndiyo iliyowaingiza watu wengi kwenye kukusanya?

Kuhusu binamu 20, ni kweli udanganyifu utakuwepo. Kwetu tiketi za Simba na Yanga walanguzi walikuwepo na hata baada ya kadi za kielektroniki za N-Card bado wapo. Ila mlanguzi wa kura anahatarisha jina na kadi yake kwa kila nafasi moja, wakati mlanguzi wa mbio programu moja inampa faida muda wote. Ukidai kila jina liwe na kadi yake ya malipo na anwani yake, binamu 20 wanaanza kuwa kazi kubwa.

Mchangiaji (Unguja)

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi si wa hayo ya mtandaoni, naokota za zamani, lakini mmenigusa.

Huku pwani sarafu ya fedha iliyotumika sana ilikuwa riale ya Maria Theresa. Yule malkia wa Austria alifariki 1780, na tangu hapo inafuliwa na mwaka ule ule wa 1780, haijabadilika, na Vienna wanaifua mpaka leo. Imepita Bahari ya Shamu, Oman, Unguja, Uhabeshi. Hakuna aliyesema idadi yake iwe hii. Zikitakiwa zinafuliwa. Na bado watu wanazipenda na kuzikusanya, wanaangalia alama ndogo ndogo za manyoya na lulu kujua ipi ilifuliwa wapi. Utafiti wenyewe ndio raha.

Halafu Sayyid Barghash akafuliwa riale yake mwenyewe, mwaka 1299 Hijria, sawa na 1882. Hiyo ni adimu. Lakini haikufanywa adimu kwa makusudi ili watu wagombane, ilifanywa itumike sokoni. Uadimu wake umeletwa na wakati. Mimi naona kuna uadimu wa haki na uadimu wa kutengenezwa, na huu wa pili ndio unaoleta ulanguzi.

Mchangiaji (Houston)

Sheikh shukrani, hiyo ya Maria Theresa ni hoja nzito, ila tukubaliane riale ya kawaida ya kufuliwa sasa hivi haina thamani zaidi ya fedha iliyomo na kidogo juu yake.

Naongeza jingine. US Mint hawatumii kodi, wanajiendesha kwa mauzo na faida inaingia hazina. Sasa ukiuza kwa dola 65 kitu ambacho sokoni ni 1,000, umewapa walanguzi hela ya umma. Bora mnada. Mwaka 2024 sarafu 230 za dhahabu za Flowing Hair, zenye picha ya dola ya kwanza kabisa ya Marekani, zilipelekwa mnadani na ya kwanza ikaenda dola 440,000.

Mleta mada

Mkuu mnada kwa sarafu 230 za dhahabu sina neno, wenye nazo wapambane. Lakini seti ya dola 175 ukiipeleka mnadani umemfukuza yule nesi moja kwa moja, hata bahati umemnyima.

Tena mwaka huo huo wa 2024 walitoa medali ya fedha ya Flowing Hair, dola 104, jumla 75,000, na ndani yake wakachanganya 1,794 zenye kialama cha 230 bila mnunuzi kujua atapata ipi. Kwa hiyo kura wanaijua na wanaikubali inapowafaa. Na kujiandikisha mapema kupo, unajisajili na sarafu ya mwaka inakuja yenyewe ikitoka. Vitu viwili vyote wanavyo! Kinachotakiwa ni kuviunganisha: dirisha la siku mbili, saa yoyote utakayoamka, kaya moja seti moja, kadi imeshathibitishwa. Oda zikizidi kidogo, fueni zaidi. Zikizidi sana na madini ya fedha hayatoshi, pigeni kura hadharani.

Halafu asilimia 10 ya wauzaji itolewe mwisho kabisa, baada ya wananchi kupata majibu yao. Mkuu wa Houston, wewe mwenye duka dogo, nijibu hili tu kwa dhati: hiyo asilimia 10 inafika kwako kweli, au inaishia kwa kampuni chache kubwa na wewe unanunua kwao kama mimi?