Tupeane uzoefu: mzee wako alikuwa wapi mambo yalipotokea?

Mwana Temeke: Tumemzika baba juzi. Kwenye kuandika wasifu wa marehemu tukakwama: alizaliwa 1946, akaoa, akafanya kazi bandarini, akastaafu, basi. Mtu aliyeuona Uhuru wa 1961 akiwa kijana, Muungano, Azimio la Arusha, Vita vya Kagera, vyama vingi 1992, ametosha nusu karatasi! Inaniuma sana. Wazee wenu je?

Kipanga Ilala: Pole mkuu. Babu yangu tarehe ya kuzaliwa hakuwa nayo. Alijua tu kwamba alikuwa ananyonya Mwingereza alipoingia Dar. Ndiyo 1916 hiyo.

Binti Magomeni: Mmenitonesha. 1983, msako wa wahujumu uchumi. Baba alikuwa na kiduka, na ndani tuna katoni za sabuni na madumu ya mafuta ya kula. Mali ya halali, ila stakabadhi hana. Usiku jirani akaja, hata hodi hakupiga: "Wako mtaa wa pili." Mama akazima chemli. Baba akachimba uani, mimi namshikia tochi nimeifunika kwa pindo la kanga. Sabuni tukafukia. Mafuta hayakuenea shimoni, akayamwaga chooni, dumu baada ya dumu, wakati watu wanashinda foleni kutafuta sukari. Kwetu hawakuja. Masika yalipokolea ua mzima ukawa unatoa povu! Mama anaamka alfajiri kulifagia majirani wasione. Aprili 1984 redio ikatangaza Sokoine, Waziri Mkuu aliyeongoza msako ule, amefariki kwa ajali ya gari, baba yule yule akalia. Sikuthubutu kumuuliza.

Mjumbe Mstaafu: Pole, lakini tusipotoshe. Walanguzi walikuwepo. Sisi tumekula unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, wenzetu wakificha bidhaa.

Binti Magomeni: Kiduka cha Magomeni ndicho kilichoikosesha nchi nzima sukari? Mzee wangu umheshimu.

Mjumbe Mstaafu: Sijamtaja, mwanangu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, mwaka uliofuata tukaingia vitani, mafuta ya petroli yakapanda bei duniani, fedha za kigeni hakuna. Bidhaa zilikuwa chache kweli, na wa kuzificha pia walikuwepo.

Dada wa Keko: Jamani hilo povu! Sabuni mliifukua?

Binti Magomeni: Iliyobaki ilikuwa uji na mchanga. Tulifulia hivyo hivyo.

Kipanga Ilala: Mleta mada, andika upya, usome kwenye arobaini.

Mama Wawili: Arobaini ni dua na pilau, msiwachoshe watu. Warekodi wazee waliobaki.

Dada wa Keko: Ukiwasha simu wananyamaza. Peleka kahawa na kashata, kaa, sikiliza.

Kipanga Ilala: Na usiwaulize mwaka. Uliza nani alikuwa amezaliwa.

Mwana Temeke: Nimempigia shangazi. Kumbe Oktoba 1999 baba alipanga foleni Uwanja wa Taifa kumuaga Mwalimu Nyerere, akarudi na kiatu kimoja! Sisi hatujawahi kusikia. Anasema mengine hayasemeki kwenye simu, niende Jumapili.