Naomba ushauri: boti Lysefjord na kupanda Preikestolen siku moja

Habari zenu ndugu zangu. Mwezi wa nane mdogo wangu anakuja kunitembelea hapa Stavanger, Norwei, kutoka Tanga. Nataka nimpeleke Lysefjord, ule mkono wa bahari wa kilomita 42 uliobanwa na majabali: asubuhi boti, mchana tupande kwa miguu hadi Preikestolen, jabali lenye kilele bapa, mita 604 juu ya maji.

Boti hainisumbui. Wasiwasi wangu ni njia ya mlimani. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 8, na sehemu nyingi ni ngazi za mawe zisizolingana. Mwaka jana niliipanda mvua ikinyesha, mawe yakateleza kama yamepakwa sabuni, nikashuka hatua kwa hatua nimeshikilia matawi. Sasa mdogo wangu aliwahi kuumia goti kwenye mpira. Na kule juu hakuna uzio wowote!

Waliofanya yote mawili kwa siku moja, mwili ulihimili? Fimbo za kutembelea zinapunguza kweli mzigo wa goti wakati wa kushuka? Raba zinatosha, au nimtafutie buti za mlimani? Tiketi za boti bado sijalipia, nasubiri mawazo yenu.