Kompresa isiyotumia oili imeishiwa nguvu: ni kikombe au vali?

Wadau, naomba ushauri. Nina kompresa ndogo isiyotumia oili, inapuliza hewa kwenye matangi ya vifaranga vya samaki aina ya ngege (tilapia) hapa Mamboleo, Kisumu. Imefanya kazi usiku na mchana, sasa mapovu yamefifia na kichwa kinaunguza mkono. Nilipoifungua nikakuta pistoni na mkono unaoisukuma ni kipande kimoja, hakuna pini ya kuviunganisha. Kumbe inapanda na kushuka ikiyumba, na kinachozuia hewa isivuje ni kikombe chembamba cha tefloni! Hicho kimelika upande mmoja. Silinda haina mikwaruzo. Fundi wa Kibuye ananiambia nitie grisi. Naogopa, hewa hiyo ndiyo inayoingia majini kwa samaki. Nibadilishe kikombe peke yake, ama na vibati vya vali, vile vinavyofungua na kufunga njia ya hewa, pia? Vipuri nitapata wapi bila kupanda gari la Nairobi?