Oksijeni ya kutoka Kondoa hadi Dodoma: mtungi mmoja unatosha?

mdau_kondoa
Habari wakuu. Mgonjwa mtu mzima, rufaa kwenda Dodoma mjini, kama kilomita 150. Yuko kwenye barakoa yenye mfuko, lita 10 kwa dakika. Mtungi ni wa lita 10, geji inasoma baa 100 (baa ni kipimo cha presha). Tutafika? Na kwa nini mtungi huisha kabla ya hesabu?

nesi_wa_zamu
Hamfiki, mkuu. Zidisha ujazo kwa baa: 10 × 100 ni lita 1,000. Toa baa 20 za akiba, yaani lita 200, zinabaki lita 800. Gawa kwa 10, ni dakika 80 tu. Barabara peke yake inakula zaidi ya saa mbili, na hapo hujaweka kupakia na kusubiri mapokezi. Piga hesabu ya saa tatu: lita 1,800. Beba mitungi miwili iliyojaa, yaani baa 150 kila mmoja.

Jaza mfuko kwanza ndipo uvalishe barakoa. Mfuko ukinywea kabisa mgonjwa anapovuta pumzi, ongeza mtiririko. Oksijeni ikikata, vua barakoa hiyo mara moja, usimwache nayo usoni, na ambu (mfuko wa kumpumulisha kwa mkono) iwe kichwani pa mgonjwa, sio kabatini! Oksijeni ya damu ikitulia kwenye asilimia 94 kwenda juu, punguza mtiririko kidogo kidogo huku ukiangalia oksimita, kile kipimo cha kidoleni. Mwenye ugonjwa sugu wa mapafu mlenge 88 hadi 92.

fundi_mitungi
Kuisha mapema mara nyingi ni washa (kipete cha kuzuia uvujaji) ya regulita, kile kifaa cha kupunguza presha kinachofungwa kwenye mtungi: imechakaa, au vumbi letu hili limekaa pale inapokalia. Kabla ya kufunga regulita, fungua vali kidogo sekunde moja ipulize, kisha funga. Ukishaunganisha, paka maji ya sabuni kwenye maungio. Povu likitoka, badilisha washa, usikaze kwa nguvu. Grisi au mafuta ni marufuku kabisa, yanawaka.

La pili halitazamwi: kipimo cha mtiririko chenye kipira ndani husoma sawa kikiwa wima tu. Mkilaza mtungi sakafuni, hamjui mnatoa lita ngapi. Usimamisheni, mfunge mikanda miwili.

mdau_kondoa
Asanteni sana. Chupa ya maji ya kulowanisha oksijeni tuiunganishe?

nesi_wa_zamu
Kwa barakoa yenye mfuko, hapana. Kwenye matuta maji yanaruka, yanaingia kwenye mpira na kuziba njia ya hewa.