Tupeane uzoefu: shindano la haiku za paka barazani

Mwanzisha mada, Sinza

Wakuu, wapenda paka na wapenda ushairi tukutane hapa. Shindano la haiku za paka linanoga sana likiandaliwa vizuri, ila huharibiwa na vitu vidogo. Kila mwenye ujuzi amwage hapa: kanuni, hesabu, na wapi watu hukwama.

Naanza na umbo. Haiku ni shairi fupi la Kijapani la mistari mitatu, mizani (silabi) 5, 7, 5. Haina vina wala kibwagizo. Aliyezoea shairi la mizani 16 kwa mshororo, 8 za ukwapi (nusu ya kwanza) na 8 za utao (nusu ya pili), atadhani ni mteremko, kisha kitenzi kimkwamishe. "Amelala" peke yake inameza mizani 4. "Juu ya bati" ni 5, mstari umekwisha na paka hajatokea. Dawa ipo kwenye Kiswahili chetu cha mtaani: sema "kalala" (3), sema "batini" (3). Ona:

Paka kalala
kochini katikati
mgeni wima

Kosa namba moja ni kuanza na "paka wangu". Hapo mizani 4 kati ya 5 zimeondoka na msomaji hajaona kitu chochote. Mimi ningeipiga marufuku kwenye mstari wa kwanza, iandikwe kabisa kwenye kanuni.

Mdau, Upanga

Ugomvi mkubwa siku ya shindano ni kuhesabu, basi tulimalize hapa. Kila irabu ni mizani: "nyau" ni nya-u, 2. "Dagaa" ni da-ga-a, 3. M inayosimama peke yake nayo inahesabiwa: m-ki-a, 3. Penye mb, nd, ng na nj huunganika na irabu inayofuata: "mbio" ni mbi-o, 2, "ndevu" ni nde-vu, 2.

Wengi huteleza kwenye maneno mafupi: nje, nne, mbwa. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo neno lazima lipate pa kuubeba. Ndiyo maana ni n-je, n-ne, m-bwa, mizani 2 kila moja. Tamka taratibu huku unapiga kofi, utasikia mwenyewe. Kinachofurahisha, Wajapani nao huipa n iliyo peke yake kipimo kizima kwenye haiku zao. Lugha yao na yetu zote hupenda silabi inayoishia kwa irabu, kwa hiyo umbo hili linatukaa vizuri kuliko watu wanavyofikiri.

Hesabu hii pamoja nami:

Bati lawaka
paka yu uvunguni
mkia nje

Mstari wa mwisho una maneno mawili tu lakini ni 5 kamili: m-ki-a-n-je. Asiyejua ataukata maksi kwa uonevu.

Maneno kama "labda" na "daktari" yana konsonanti iliyobaki katikati. Wapo wanaoipa mizani yake, wapo wanaoiunganisha. Chagueni njia moja kabla ya kuanza, itangazwe, mambo yaishe.

Mdau, Mbagala

Wadau mnasahau roho ya haiku. Kwa desturi lazima iwe na neno la msimu, na iwe na mkato, yaani picha mbili zinawekwa jirani na msomaji anaruka mwenyewe kutoka moja kwenda nyingine. Ile ya mgeni wima ni tamu, lakini haina msimu na inamcheka binadamu. Wajapani huita hiyo senryu. Ipewe kundi lake au mkubaliane kuzichanganya.

Sasa kuna mtego. Kwenye orodha za maneno ya msimu za Kijapani, "mapenzi ya paka" ni neno la majira ya kuchipua, kwa sababu kule paka huanza kulia usiku siku zinapoanza kurefuka. Hamu ya paka jike kupandwa hufuata urefu wa mchana. Dar tuko karibu na ikweta, tofauti ya mchana mrefu na mfupi kwa mwaka mzima haifiki saa moja, hivyo paka wa hapa hulilia juu ya paa mwezi wowote. Ukiandika paka wanaliliana ukadhani umetaja msimu, hujataja.

Tumia misimu yetu: masika (Machi hadi Mei), kipupwe (Juni hadi Agosti), vuli (Oktoba hadi Desemba), na joto la kaskazi linalofuata. Tena msimu usiutaje tu kama tarehe, uonekane kwenye mwili wa paka:

Masika haya
nyayo nne shukani
za tope bichi

Kipupwe hiki
kwenye lundo la nguo
macho mawili

Hapo huhitaji kusema mvua wala baridi. Shuka na nguo zimeshasema.

Mdau, Ilala

Ile "Bati lawaka" ina msimu au haina?

Mdau, Mbagala

Ndugu yangu, jaji mkali ataikata, maana bati la Dar linawaka hata Septemba. Mimi ningeikubali, uvungu umebeba joto lote.

Mdau, Kigamboni

Niwape upande wa uendeshaji. Paka mzima hulala saa 12 hadi 16 kwa siku na huchangamka alfajiri na jioni. Ukiita watu saa nane mchana mtapata haiku ishirini za paka aliyelala. Anzeni saa kumi na nusu, kuandika kuishe kabla ya adhana ya magharibi, kisha kusoma baada ya swala.

Karatasi: A4 moja ikate vipande vinne, kila haiku kipande chake, nyuma namba, jina lisiwepo. Orodha ya majina na namba akae nayo mtu asiyehukumu. Haiku mbili kwa kila mtu zinatosha. Watu 20 ni haiku 40, na kila moja ikisomwa mara mbili na kupewa maksi ni kama dakika 40. Zaidi ya hapo baraza linachoka.

Majaji watatu, maksi 10: picha 4, msimu 2, mkato 2, mizani 2. Msiipe mizani maksi nyingi, la sivyo anashinda mhasibu badala ya mshairi. Msomaji awe mmoja kwa zote, maana sauti nzuri huuza haiku mbovu.

Na paka mwenyewe jamani. Asivalishwe kofia, asipigwe picha za mwanga machoni, asipokezanwe mikononi. Mlango wa chumba anachokizoea uachwe wazi aondoke akitaka. Zawadi isiwe maziwa, paka wengi wazima huharisha wakinywa. Nusu kilo ya dagaa wakavu inafaa. Kama ni wa chumvi, waloweke na kumwaga maji mara mbili, na apewe wachache kwa siku, wasigeuke chakula chake chote.

Mdau, Upanga

Kwa kuwa dagaa wametajwa:

Dagaa kumi
nageuka kidogo
dagaa tisa

Mwandishi amechagua namba kwa akili. Kumi, tisa, saba na sita hazibadiliki kwa ngeli. Angeandika tano ingebidi "dagaa watano", mizani 6, na haiku imekufa.

Mwanzisha mada, Sinza

Mkuu, na paka mwenyewe hajatajwa popote. Ilale kwenye kanuni kama mfano wa kwanza, chini ya katazo la "paka wangu".