Kikosi cha besiboli cha waandishi wa zamani: gumzo la ukoo

Zuhura: Shikamooni wakubwa. Kuna kitu kinanizunguka kichwani, tukiunda timu ya besiboli ya waandishi wakubwa waliokwishatangulia, nani acheze wapi? Sharti langu moja tu, mtu apewe nafasi kwa kitu alichokifanya kweli, maishani mwake au kwenye kuandika, sio kwa jina

Baraka: Tolstoy mrushaji 🔥 nimemaliza

Shangazi Saida: Marahaba mwanangu. Hebu kwanza tueleweshe sie wa mpira wa miguu, mrushaji ndo yule anayesimama katikati?

Zuhura: Ndo huyo shangazi. Anasimama kwenye kakilima kadogo, mita 18 na ushee kutoka kwa mpigaji, yeye anarusha na mwenzie anajaribu kuupiga kwa gongo, akikosa mara tatu katoka. Wakitoka watatu timu zinabadilishana. Wanaokaba ni 9, awamu nazo 9

Baraka: sasa hapo si ndo Tolstoy, mtu kaandika Vita na Amani kurasa zaidi ya elfu atachokaje awamu ya tano, halafu alikuwa ofisa wa mizinga Sevastopol kwenye vita ya Crimea kwa hiyo kulenga anajua, na baiskeli kaja kujifunza ana miaka 67. Pumzi ipo

Mjomba Hamisi: Aanze Tolstoy, sina neno. Ila awamu ya tisa mtoe, ingiza Chekhov, yule wa hadithi fupi. Wale warushaji wa kumalizia huwa wanaingia awamu moja tu, mipira michache mchezo umekwisha. Chekhov kurasa tano zinamtosha, unamaliza kusoma hujui hata kakupatia wapi

Zuhura: 👏👏 mjomba hapo umeua

Zuhura: Mdakaji namtaka Conan Doyle, yule wa Sherlock Holmes. Mdakaji anachuchumaa nyuma ya mpigaji, ndo anayeuona uwanja wote mbele yake na ndo anampa mrushaji ishara kwa vidole, rusha huu usirushe ule. Doyle alikaa golini timu ya Portsmouth kwa jina la A. C. Smith, na kwenye kriketi mwaka 1900 alimtoa W. G. Grace mwenyewe, mpigaji maarufu wa Uingereza. Mikono anayo na jicho analo

Shangazi Saida: Na Jane Austen msije mkamweka pembeni kisa mwanamke. Riwaya yake Northanger Abbey ilitoka mwishoni mwa 1817, keshafariki tangu Julai, na mle ndani msichana wa miaka 14 anapenda kriketi, besiboli na kupanda farasi kuliko vitabu. Ni ule mchezo wa zamani wa Uingereza, maana kanuni za klabu ya Knickerbocker kule New York, zilizozaa besiboli ya leo, ni za 1845. Kwa hiyo kauandika kabla ya hao wenye mchezo wao

Zuhura: Austen awe shotistopu basi, anasimama kati ya besi ya pili na ya tatu (besi ni vile vituo anavyokimbilia mpigaji), mipira ya kasi mingi inapita hapo na huna muda wa kuwaza. Kwenye sentensi zake hakuna neno linalomponyoka

Baraka: besi ya tatu Hemingway, yule mzee wake wa baharini anamuwaza DiMaggio, nyota wa besiboli, muda wote. Katikati kule nyuma kabisa Camus, alikuwa kipa Algiers mpaka kifua kikuu kikamsimamisha ana miaka 17, kusimama peke yake na kusubiri keshazoea

Mjomba Hamisi: Mimi nina mtu wangu na naomba msinikatalie. Cervantes, yule wa Don Quixote, mrushaji wa pili

Baraka: mjomba kwa heshima zote, mkono wa kushoto si ulilemaa kwa risasi vita ya Lepanto 1571? ukirusha kwa kulia glavu ya kudakia inakaa kushoto, ataishika na nini

Mjomba Hamisi: Najua na ndo maana namtaka. Mrushaji Jim Abbott kazaliwa hana kiganja cha kulia, na mwaka 1993 akiwa timu ya Yankees ya New York alirusha mechi nzima dhidi ya Cleveland hakuna mpinzani aliyepata hiti hata moja, yaani kuupiga mpira akafika besi salama. Glavu alikuwa anaiegesha kwenye mkono usio na kiganja, akisharusha tu anachomeka mkono mzima ndani kabla mpira haujamrudia. Cervantes atafanya vilevile, anageuza pande tu. Na kabla ya Abbott kulikuwa na Pete Gray, mkono wa kulia hana, kacheza ligi kuu ya Marekani 1945. Sasa mtu katekwa na maharamia, kakaa mateka Algiers miaka 5, kajaribu kutoroka mara 4, Don Quixote sehemu ya kwanza inatoka 1605 umri umekwenda, halafu wewe unaniuliza glavu

Baraka: wapigaji watamgusia mipira mifupi makusudi ili ahangaike kuokota

Mjomba Hamisi: Abbott walimfanyia hivyohivyo na aliwatoa

Baraka: haya mjomba apangwe, hiyo ya glavu nilikuwa siijui

Shangazi Saida: Na tukibaki nyuma pointi moja awamu ya tisa? Mimi naingiza Dostoevsky apige. Mwaka 1866 alikuwa amebanwa na mkataba wa mchapishaji, asipoleta riwaya hadi Novemba 1 mchapishaji anachukua haki ya vitabu vyake miaka 9 bila malipo, akaisimulia riwaya ya Mcheza Kamari kwa siku 26 binti Anna anaandika, na mwaka uliofuata akamuoa. Watu wengine bila kubanwa shingo hawatoi kitu

Zuhura: Nimekubali ila mwili wake mgonjwa ule, akifika besi ya kwanza tumtoe aingie wa kumkimbilia, kanuni inaruhusu

Shangazi Saida: Dickens. Usiku alikuwa anaizunguka London kwa miguu maili na maili, usingizi umegoma

Zuhura: Dickens imepita. Bado besi ya kwanza, ya pili na wawili wa pembeni kule nyuma, leteni majina na sababu zake