"Picha inaonekana au haionekani?" Hivyo ndivyo kadi za grafiki zinavyopimwa mjini kwetu

PwaniFremu:

Wanajukwaa, nimetoka dukani sasa hivi na mikono bado inatetemeka. Sitamtaja mtu, wala hapana haja, kwa sababu kila aliyewahi kununua kifaa cha kompyuta katikati ya mji wa Mombasa anamjua: ni yule anayekuita "bosi" mpaka pesa ziingie, kisha ukawa "kijana". Nimemrudishia kadi ya grafiki, ile sehemu ya kompyuta inayochora picha za gemu, aliyoniuzia kwa kiapo kwamba ni mpya, nikamweleza kwa utulivu kwamba inatoa madoadoa ya kijani na zambarau kila gemu inapoanza kuwa nzito. Akaichomeka kwenye kompyuta yake, akasubiri Windows ifunguke, akaielekezea kidole picha ya mlima wenye theluji iliyokuwa kwenye skrini, na mbele ya duka zima akaniuliza: "Kijana, picha inaonekana au haionekani?"

Hicho ndicho alichokiita kuipima kadi.

Yenyewe ni RTX 3060 ya giga 12, kadi ya daraja la kati iliyotoka Februari 2021, na muundo wake sina ugomvi nao kabisa. Kiwango chake ni wati 170, kiini, yaani chipu yenyewe inayochora, kimeandikiwa kufika megahezi 1777, na kumbukumbu husomeka megahezi 7500 ndani ya Afterburner, programu ya kusoma na kurekebisha mwendo wa kadi. Nilipoifikisha nyumbani sikugusa chochote. Niliiacha katika mipangilio ya kiwandani, nikafungua Time Spy, programu ya kuipima kadi kwa kuitwika mzigo mzito, na kabla ya jaribio la kwanza la grafiki kumalizika skrini ilijaa madoa, kisha draiva, programu inayoiendesha kadi, ikaanguka. Joto lilikuwa nyuzi 71 tu, ilhali kadi hii imewekewa shabaha ya nyuzi 83. Nikapunguza mwendo wa kiini, madoa yakabaki pale pale. Nikakirudisha kiini kilipokuwa, nikapunguza mwendo wa kumbukumbu kwa megahezi 500, na madoa yakatoweka yote. Hata lile jaribio la mfululizo la mizunguko 20, ambalo hudai uthabiti wa asilimia 97, likapita. Kurudisha kumbukumbu katika mwendo wake halali, madoa yakarudi. Anayeijua kazi hii ameshaelewa: chipu za kumbukumbu zimechoka na haziwezi tena kwenda mwendo ulioandikwa kwenye boksi, seuze kuongezewa.

Ushahidi huo wote nilikuwa nao kwenye simu. Nilimwomba afungue jaribio lenyewe kwa dakika kumi, basi. Jibu likawa picha inaonekana au haionekani! Jamani, kuonyesha mlima wenye theluji hakuhitaji wati 170. Kadi ikiwa imetulia kwenye Windows huishusha kumbukumbu yake mpaka mwendo wa chini kabisa, hutumia wati chache, na kadi nyingi hata feni hazizungushi. Kuipima hapo ni sawa na kuipima ngalawa ikiwa juu ya mchanga na kutangaza kwamba haivuji. Simu ya kubonyeza ya nyanya yangu, ile iliyofungwa kwa mpira, ingeuonyesha mlima ule.

Alipoona sitoki, akasema nimeiharibu mwenyewe kwa kuiovakloki, yaani kuilazimisha ipite mwendo wake wa kiwandani. Nilikusudia kuiovakloki, ndiyo, na ndiyo sababu niliipima kwanza ikiwa ya kiwandani, kama anavyofanya kila mtu mwenye akili timamu. Unapandisha kikomo cha umeme, kisha kiini kwa megahezi 15 kwa 15, kisha kumbukumbu kwa 100 kwa 100, na kila hatua unaipima kabla ya kwenda inayofuata. Hapa pwani ni lazima kufanya hivyo, kwa kuwa wanaopima kadi hizi ng'ambo huzipima katika vyumba vya nyuzi 20 hivi, nasi wakati wa kaskazi chumba chenyewe kimefika nyuzi 32 kabla hujawasha kompyuta. Kila uzi wa joto unaoongezeka chumbani huongezeka karibu wote kwenye kadi.

Wateja walicheka. Kicheko kile kilivuka maji kikashukia Likoni. Kisha akanirudishia kadi yangu ndani ya mfuko wa nailoni, mfuko ambao nchi hii iliupiga marufuku mwaka 2017 na ambao pia hukusanya umeme tuli unaoweza kuua chipu. Hata alipokuwa akiufunga alirudia, akimwambia mteja mwingine: "Picha si inaonekana?"

FeniTatu:

Ndugu yangu, pole sana. Mimi niliambiwa maneno hayo hayo, neno kwa neno, ila wakati wangu ilikuwa picha ya pomboo. Nilikuwa nimelalamika kwamba feni moja kati ya tatu haizunguki, naye akaisukuma kwa kalamu ikazunguka, akasema imepona.

Kisauni1440:

Naomba niwe mkweli kwako. Umeandika risala ndefu kuliko ya harusi kwa ajili ya kadi ya daraja la kati unayotaka kuiovakloki katika joto la Mombasa, chumbani bila kiyoyozi. Kadi ya namna hiyo ukiibana sana itakupa asilimia tano. Gemu iliyokuwa ikienda fremu 60, yaani picha 60 kwa sekunde, itakwenda 63. Hizo fremu tatu utaziona kwa jicho gani?

PwaniFremu:

Sijazungumzia fremu tatu popote. Nimezungumzia kadi isiyoweza kwenda mwendo wake wa kiwandani, na mtu aliyeulizwa jambo hilo akaonyesha mlima. Ungekuwa wewe umesimama pale, watu wote wamegeuka wanakutazama, unaulizwa kama mtoto wa chekechea kama picha inaonekana, usingeniletea hesabu ya asilimia.

MzeeWaKuchomea:

Vijana, tulieni. Nimefungua kadi nyingi kwa mikono yangu na hii hadithi naijua. Ethereum, ile sarafu ya kidijitali, ilipoacha uchimbaji wa kadi za grafiki, yaani kuzipigisha kadi hesabu ili mtu alipwe sarafu, tarehe 15 Septemba 2022, kadi zilizokuwa zikichimba mchana na usiku zilimwagwa sokoni, zikafutwa vumbi, zikatiwa kwenye boksi. Uchimbaji ule ulikuwa hauitaki sana nguvu ya kiini, uliitaka kumbukumbu, na wachimbaji walikuwa wakiishusha nguvu ya kadi huku kumbukumbu wakiiovakloki kwa miezi. Itazame skrubu zake kama zimekwaruzwa vichwa, na utazame pembezoni mwa pedi za joto kama pana mafuta yaliyochuruzika. Ukiyaona, hiyo kadi haikuwa mpya hata kidogo.

Kisauni1440:

Shikamoo mzee, lakini 3060 ilitoka kiwandani na kizuizi cha uchimbaji. Haikuweza kuchimba Ethereum vizuri.

MzeeWaKuchomea:

Marahaba. Kizuizi kilikuwapo, na kilipunguza kasi ya uchimbaji kwa takriban nusu, lakini Machi 2021 NVIDIA wenyewe, waundaji wa chipu ya kadi hii, walitoa draiva ya majaribio namba 470.05 iliyokiondoa bila wao kukusudia. Aliyeipakua draiva ile aliendelea nayo. Usibishane na mtu aliyekuwa akizifungua.

BintiTudor:

Kaka PwaniFremu, acha kubishana kaunta. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaokubalika na haki ya kupewa taarifa anazohitaji, na tuna Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na si lazima uwe na wakili. Je, risiti uliyopewa imeandikwa "mpya"?

PwaniFremu:

Imeandikwa "kadi ya kompyuta moja". Nilipomwomba aandike jina kamili na namba yake, alicheka kama alivyocheka leo.

BintiTudor:

Basi piga picha ya namba iliyo kwenye kadi na ile iliyo kwenye boksi, uone kama zinalingana. Zikitofautiana, hapo una la kusema ambalo hakuna picha ya mlima itakayolifunika.

PawaSafi:

Mbona hakuna hata mmoja aliyemuuliza kuhusu pawa saplai yake, lile boksi linaloigawia kompyuta umeme? NVIDIA hupendekeza wati 550 kwa 3060. Nusu ya pawa saplai zinazouzwa mjini zimeandikwa wati 600 na ukiziinua ni nyepesi kama zimejaa hewa. Mimi ndiye nilipaswa kufungua uzi, kwa sababu yangu ililipuka umeme uliporudi baada ya kukatika, ikachukua na ubao mama.

PwaniFremu:

Pawa saplai yangu ni nzima. Kama ingekuwa ndiyo tatizo, madoa yasingeondoka kwa kupunguza kumbukumbu peke yake. Tafadhalini turudi kwenye kadi.

FeniTatu:

PawaSafi, yako ilikuwa na ile nembo ya 80 Plus?

PawaSafi:

Ilikuwa nayo, tena ya dhahabu, imebandikwa kwa stika iliyotoka kwa kucha. Na hata ingekuwa ya kweli, nembo ile hupima ufanisi tu, yaani sehemu gani ya umeme wa ukutani inafika kwenye kompyuta na sehemu gani inageuka joto. Haikwambii kama kuna kinga ndani yake ya kuzuia umeme ukipanda ghafla.

Kisauni1440:

Ndiyo maana nina stabilaiza. Stima ikirudi kwa kishindo, stabilaiza ndiyo inayopokea kipigo.

MzeeWaKuchomea:

Stabilaiza nyingi ninazoletewa huchelewa kubadilisha, na kishindo huwa kimeshapita. Afadhali uchomoe waya umeme unapokatika na usubiri utulie ndipo uchomeke tena.

Kisauni1440:

Mzee, usiku stima hukatika nimelala. Nitaamka kuchomoa waya?

PawaSafi:

Nafungua uzi wa pawa saplai usiku huu. Leteni picha za lebo zenu, upande wenye jedwali la ampea za volti 12, si upande wenye maandishi makubwa. Wati 170 za kadi moja peke yake ni ampea 14 kwenye waya huo, na nataka kuona ni ngapi kati ya hizo "wati 600" zenu zinazoweza kuzibeba pamoja na prosesa.

FeniTatu:

Yangu imeandikwa ampea 18. Nimekwisha?

PawaSafi:

Volti 12 mara ampea 18 ni wati 216. Izime.